Donge Moja kwa Watoto Wawili

Amani iwe nanyi, wanajumuiya. Wazee wangu, shikamooni. Nitasema polepole, mnivumilie.

Wengi mnanijua, nafundisha chekechea hapa Buswelu. Mwanangu wa pekee alikuwa na miaka minne. Alishikwa na homa, tukampeleka hospitali, hakurudi. Siku ya mazishi sikulia. Watu wakasema nina moyo mgumu. Ndugu zangu, nawaambia, haukuwa mgumu. Haukuwepo.

Nilirudi darasani nikiwa hivyo hivyo. Watoto wa umri wake wananizunguka, wananiita mwalimu, nami nawaona kama niko nyuma ya kioo. Wakigombania midoli, nawaacha. Kulikuwa na binti mmoja anayejibanza nyuma ya mlango. Hata jina lake hakuwahi kulitamka. Naye nilimwacha.

Mama mkwe wangu ni mfinyanzi, anakaa Kisesa. Siku moja akaingia darasani na ndoo ya udongo.

"Mama, somo jipya siliwezi," nikamwambia.

"Nani kakuambia ufundishe? Wewe kaa. Donge moja kwa watoto wawili, basi."

Mwanzoni ilikuwa vita tupu. Wanavutana, wanaumana, udongo mpaka kwenye nywele. Mama mkwe hakuongeza donge. "Mtaelewana," akawaambia, akaendelea na chungu chake. Na kweli wakaanza kuelewana: huyu afinyange chungu, yule mfuniko.

Yule binti wa mlangoni alikaa na mtoto mnyang'anyi kuliko wote. Alipokonywa, akanyamaza, alipokonywa tena, akanyamaza. Halafu asubuhi moja tukasikia sauti tusiyoijua: "Hapana! Nusu yangu!"

Darasa zima likamgeukia. Mwenzake akakata donge, akampa. Baadaye wakasimama mbele, yeye ndiye msemaji: "Ng'ombe nimefinyanga mimi. Pembe kaweka yeye." Wenzao wakapiga makofi.

Yule binti akarudi, akanikuta nimekaa, mikono mapajani. Akamega kipande, akakiweka kiganjani mwangu.

"Mwalimu, wewe huna."

Udongo ulikuwa wa baridi. Nikauhisi. Mtaona ni jambo dogo, lakini tangu makaburini sikuwa nimehisi baridi wala joto. Nikaanza kuukanda. Mama mkwe, ambaye naye alimzika mjukuu wake, akanitazama, akasema tu, "Ongeza maji, mwanangu. Utapasuka."

Sijapona kama mnavyopenda kusikia kwenye ushuhuda. Zipo siku ganzi inarudi. Ila sasa mtoto akilia, nasikia, nainuka.

Namshukuru mama mkwe, aliyebeba msiba wake na bado akanibebea ndoo ya udongo. Nawashukuru wazazi ambao hawakulalamika sare zikirudi na matope. Na watoto wale, Mungu awakuze.

Nawaomba jambo moja. Aliyefiwa usimuulize anajisikiaje, hajui. Mpe kitu cha kushika. Na ukikosa neno la kumwambia, usilitafute. Kaa karibu naye, mchafuke wote.