Mia Iliyoshindwa na Arobaini

Asubuhi hiyo benchi lililo mbele ya kibanda cha Kisigino, mshona viatu, lilikuwa na birika moja la kahawa na kesi moja. Ndani ya boksi kando ya benchi, vifaranga ishirini na wawili walirundikana chini ya globu ndogo ya wati arobaini, wakilia kwa baridi. Globu kubwa ya wati mia, upande wa pili, ilikuwa nyekundu tu, kama kaa linalokufa. Kisigino aliinunua juzi kwa rafiki yake muuza vifaa vya umeme, ambaye kijiwe kizima kilimwita Wati. Tangu alfajiri alikuwa akiwaambia wateja kwamba Wati kamuuzia feki.

— Mia gani hii inayoshindwa na arobaini? alisema. Vifaranga hawajasoma, lakini wanajua.

— Globu zangu nzima, bwana, alisema Wati kwa unyonge kutoka upande wa pili wa benchi. Nani alikufungia waya?

— Fundi, alijibu Kisigino upesi, akainamia kikombe.

Kinyozi, aliyeitwa Jaji kwa kuwa hakuna kesi asiyoihukumu, akakohoa.

— Haba na haba hujaza kibaba. Ndogo inakula kidogo kidogo, inashiba. Kubwa ina tamaa, umeme unaikimbia.

— Jaji, hiyo methali ni ya kuweka akiba! alisema Wati.

— Basi simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mia inajiandaa. Ikiamka, hao vifaranga mtawatafuna kwa chumvi.

— Au umeme wenyewe unaitambua feki, alisema Kisigino.

— Umeme una macho? aliuliza Wati.

— Unayo! alidakia Jaji. Mbona humkamata anayeugusa tu, jirani yake ukamwacha?

Dada mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake vya kazini alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahanini kaka zangu. Hiyo ndogo mkiifungua, kubwa inabaki inawaka?

Wakatazamana. Wati akaifungua ndogo kwa kitambaa. Zote mbili zikazimika, na vifaranga wakapiga kelele kama soko.

Wati akachomoa plagi, akaligeuza boksi.

— Kumbe! Zimefungwa njia moja, umeme uleule unapita hapa na pale. Ndogo uzi wake mwembamba, umeme unabanwa humo, na joto linabaki humo. Kubwa inaambulia makombo. Ipe kila globu njia yake, mia itakuwa mia.

Halafu akainama karibu zaidi. Kiungo cha waya kilikuwa kimeviringishiwa kipande cha ngozi na kushonwa kwa uzi wa nta, mishono midogo safi, ileile ambayo kijiwe kizima kilikuwa kimeivaa miguuni.

Kisigino alihisi masikio yakimchoma.

— Huyo fundi ni nani? aliuliza dada. Nisije nikamwita kwangu.

Wati alimtupia Kisigino jicho. Jaji alitazama mawingu.

— Ameshahama, dada yangu, alisema Wati mwishowe, akiikata mishono polepole kwa kisu.

Kisigino akanyanyua birika. Tupu. Wati akammiminia nusu ya kahawa yake.

— Globu si feki! alisema Kisigino, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. Waya ndio uliokosewa. Na niliukosea mimi.

— Tumesikia, alisema Wati. Sasa nishikie hapa. Na usishone.