Nusu ya Kabati

Basi dogo la mji wa Covilhã lilikuwa linapanda kilima taratibu. Odete, mjane, alishika tangazo la chumba cha kupangisha alilokuwa akienda kulibandika chuoni. Mbele yake mwanafunzi wa kike, ambaye Odete hakumfahamu, alikuwa akimlalamikia mama mwenye kikapu cha kabichi, ambaye hata jina lake hakulijua. “Chumba ni kizuri, mama, kina jua na kiko karibu na lifti ya mtaa inayopandisha watu kilimani. Ila nusu ya kabati imejaa makoti ya marehemu mume wa mwenye nyumba. Nguo zangu nyingine nazitundika dirishani.”

“Si umwambie ayatoe?”

“Nitamwambiaje? Kila Jumapili anayapiga brashi.”

“Mwanangu, marehemu halipi kodi. Unalipa wewe.”

“Lakini hanisumbui, maskini. Hata hakoromi.”

Yule mama alicheka mpaka kabichi moja ikabiringika chini ya kiti. Odete hakucheka. Makoti ya Abílio, marehemu mume wake, yaliyokuwa kwenye kabati la chumba alichotaka kupangisha, yalikuwa manne, na lile la kijivu bado lilinuka tumbaku yake. Basi lilipokaribia chuo alitoa kalamu, akaongeza chini ya tangazo: “Kabati ni nusu.” Basi likasimama, akashuka.