Gundi ya Kiangazi cha Tano

"Kila kitu nyumbani nimekibandika karatasi yenye jina lake," Bibi Davlatmo alimwambia mwalimu kijana wa Dushanbe aliyeketi naye kwenye basi dogo la kwenda bonde la Wakhan. "Wajukuu zangu wa Moscow wakija, watajifunza Kiwakhi, lugha yetu, ukutani."

"Karatasi hazifunzi, bibi. Mimi darasani naficha tunda. Asiyelitaja kwa jina, halili."

"Mchoyo we!"

"Lakini neno hawalisahau tena. Wanakuja lini?"

Karatasi za kwanza zilishageuka manjano. Gundi mpya ambayo bibi aliipakata ilikuwa ya kiangazi cha tano cha kuwangoja.

Akatoa aprikoti kavu, tunda la kwao, akamtajia jina lake kwa Kiwakhi, kisha akaifumbata. "Haya, omba."

Mwalimu akalitamka jina hilo kwa ulimi mzito, kama mtoto.

Basi likasimama mlangoni kwa bibi. Dereva akapiga honi. Bibi hakufumbua kiganja.

"Sema tena," akamwambia.