Mafua Hayakumponya Ghorofa

Marehemu mdogo wangu, fundi lifti ambaye wengi wenu mlimwita Ghorofa ingawa alinifika begani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama mfua nguo na baba mpaka rangi. Baba mdogo aliniandalia wasifu wa kusoma hapa, umeandikwa kwamba "aliugua kwa muda mfupi". Nimeuchana. Kuna mtu ameketi nasi hapa makaburini, na uongo huo unaweza kumuua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978. Darasa la tano alisimamishwa wiki mbili kwa kufungua saa ya mwalimu mkuu ili aone inachokula. Mwaka 1992 alihitimu ufundi umeme chuoni.

Kuanzia Februari 1993 alitengeneza lifti za ofisi, hospitali na nyumba za kupangisha. Alikuwa mbishi, jamani! Mlinzi akimwambia, "Fundi, rudi tu, imejitengeneza yenyewe," yeye alipanda mpaka chumba cha mashine, akazima umeme, akatundika kibao cha HAITUMIKI. "Iliyoamka yenyewe bado mbovu," alikuwa akisema. Siku moja alikwama ndani ya lifti pamoja na bibi harusi, msimamizi wake na keki. Aliwachekesha saa nzima, na keki wakaila yote. Msimamizi yule ndiye wifi yangu. Walifunga ndoa tarehe 6 Novemba 1999, wakajaliwa mabinti wawili.

Januari mwaka huu wa 2024 alitokwa na uvimbe shingoni na kwapani. Vipimo vikaonyesha saratani ya tezi za limfu, ambayo ni mojawapo ya saratani za damu. Dawa zilikuwa zianze tarehe 4 Machi. Kabla ya siku hiyo akashikwa na mafua makali, akalala siku tisa na homa. Alipoinuka, uvimbe ulikuwa umenywea. Tulishangilia kama wendawazimu. Mimi ndiye niliyetangulia kumwambia, "Umepona," na sijajisamehe.

Daktari wake alitukalisha, akatueleza taratibu. "Seli za saratani hugoma kufa wakati wake ukifika. Tunavyodhani, virusi vya mafua vimeiamsha kinga ya mwili, nayo ilipokuwa ikivisaka imeziua nyingi. Nyingi, si zote. Kinga ikitulia, zilizobaki zitazaana. Tuanze dawa sasa zikiwa chache."

Ghorofa akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Tulipofika nyumbani akasema, "Siwekewi sumu mshipani kwa ugonjwa uliokwisha kuondoka." Mtu ambaye hakuiamini lifti hata siku moja! Nasi tukamwacha. Baba mdogo akasambaza ujumbe kwenye simu kwamba mafua yanaponya saratani. Yanaponya wapi? Ona tulipo leo!

Agosti uvimbe ulirudi, shingo nzima. Oktoba alikubali dawa, lakini mwili ulikuwa umeishiwa nguvu. Alifariki wodini Jumanne, tarehe 19 Novemba 2024, saa kumi alasiri, mkewe amemshika mkono.

Siku tatu kabla ya hapo aliniita karibu. "Dada, nimempotosha mshonaji." Mshonaji ni mama wa watoto watatu aliyekuwa akikaa naye benchi moja kliniki, na uvimbe wake ni kama ule ule. Mdogo wangu, kwa furaha yake, alimwambia, "Achana na dawa, subiri mafua tu." Tangu Mei huyo mama hajakanyaga kliniki. Jana, katikati ya msiba, amekuja jikoni kuniuliza kama kuna mtoto yeyote humu ndani anayekohoa, akakae naye ili aambukizwe mafua. Nimekasirika, jamani! Nimemkasirikia marehemu, nimejikasirikia mimi, na baba mdogo ninamkasirikia kuliko wote.

Ghorofa ameacha mjane, mabinti wawili, mimi dada yake, na baba mdogo, ambaye simu yake ninayo mimi na sitairudisha mpaka afute ule ujumbe mbele yangu.

Mungu ampumzishe mdogo wangu, kazi yake imekwisha. Wewe mshonaji, hujapona. Kliniki ya damu ni kesho Ijumaa. Saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, na nitagonga mpaka utoke.