Mkasi wa Mkono wa Kushoto

Baba yenu ameingia nyumba hii leo asubuhi, mara ya kwanza tangu aniache. Sikilizeni wanangu, na wewe kifungua mimba uliyemfungulia mlango usiniangalie hivyo. Nimelala, sijawa kiziwi. Nimemsikia hapo sebuleni: "Mke wangu yuko macho? Nimefuata mkasi wangu tu." Mke wangu! Alipohamia kwa yule muuza vitambaa nilikuwa "huyo mwanamke". Leo anataka mkasi, nimekuwa mke wake.

Nyumba ni yenu wote, msigombane. Duka na cherehani achieni kitinda mimba, maana ndiye anayeshona. Sasa huo mkasi.

Baba yenu ni mashoto, na humu ndani kila kitu kilifuata mkono wake: kabati lilifunguka upande wake, meza ya kukatia ilikaa upande wake, kitasa cha mlango wa mbele upande wake, nami nikawa najigonga kwangu kama mgeni. Alipoondoka tu nilimwita seremala, akageuza vyote. Mkasi haukugeuzika. Ulitengenezwa kwa ajili ya mashoto. Kwa mkono wangu wa kulia unatafuna kitambaa, haukati. Nikaufungia ili asiupate.

Wewe kitinda mimba, mkono umerithi wake. Sikukuomba uurithi. Kila ukikata namwona yeye, na mkasi wetu wa kawaida umekuotesha sugu kwenye gumba. Vuta sanduku hapo chini ya kitanda. Kaka yako asiliguse, ataupeleka sebuleni anakousubiri baba yenu. Haya, ushike. Hapo tunduni pamelika. Ni gumba lake hilo. Ukatie mpaka pawe pako.

Nikifa asinioshe, asinibebe, asisimame kupokea pole za watu kana kwamba amefiwa. Mwambieni nimesema mimi.

Maji kidogo... basi.

Kitambaa cha kunifunika ni kile cheupe, juu ya kabati. Kikate sasa hivi, mlango wa chumba ukiwa wazi. Sauti ya mkasi huo anaijua.

Mungu aibariki mikono yenu, wanangu. Na huo... na huo wa kushoto pia. Kata, mama. Kata.

Umenyoosha. Haukutafuna.

Kiti kimesogea sebuleni. Anapapasa mlango wa mbele... upande wa zamani. Kitasa hakiko huko.

Amekipata. Ametoka.