Duara Lililogeuka Yai

Benchi letu liko mtaa wa Makanyagio, ubavuni mwa kibanda cha Goreth, na asiyekuja na simu hapewi nafasi. Sheria hiyo si ya Goreth, yeye anauza kahawa tu. Ni ya Arcade, kijana wa Mishamo tunayemwita Fundi Mistari. Anatunza programu ya kuchorea ambayo watengeneza app wa huku na huko duniani wanaichukua bure na kuitumia kwenye simu za kila aina. Yeye hana simu za kila aina. Sisi tunazo. Kila asubuhi anatuwekea duara kwenye vioo vya simu zetu, kisha anapita anakagua kama mwalimu anayekagua kucha. Mimi huwa naona fahari, maana simu yangu haijawahi kufeli.

Jana ilifeli ya Maduhu muuza mchele, ambaye kwetu ni Gunia.

— Duara lako limekuwa yai, Arcade akamwambia. Limelala ubavu.

— Ni mfuko wa shati huo, akasema Felisiani wa bodaboda, Profesa wetu. Joto la kifua. Kioo kikilainika kinavutika.

— Mbona namba kwenye kioo hichohicho hazijavutika? Arcade akauliza.

— Namba ni ngumu, ndugu yangu. Duara ni laini.

— Mi naona ni mtandao, akasema Gunia. Picha inatoka mbali huko, inapita Tabora, inashuka mpaka huku kwetu. Lazima ifike imechoka.

— Haiji na mtandao, Gunia. Mi situmi picha, natuma maelekezo: anzia hapa, pinda pale, rudi ulipoanzia. Simu inachora yenyewe. Ndiyo maana hata ukiikuza vipi haififii.

— Basi nimeelewa, akasema Profesa. Simu hizi za zamani zilitengenezwa na watu wenye sura pana. Walipimia nyuso zao.

Goreth alicheka mpaka akamwaga kahawa. Arcade hakucheka. Alisema amechoka, kila akiziweka sawa simu mpya, za zamani zinaharibika. Jioni angetoa toleo jipya la programu, na simu za aina ya Gunia angeachana nazo.

— Nani bado anazo? akauliza. Gunia peke yake.

— Mi nauza mchele tu, Gunia akasema kwa unyonge. Hata yai linanitosha.

Dada mmoja mgeni, mtoto mgongoni, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake. Alitoa simu kwenye kanga, sawasawa na ya Gunia, akamwonyesha Arcade. Ilikuwa app ya uzito wa mtoto: mstari unaopanda ukipinda, na kitone kimoja.

— Kaka, na hii imechorwa na hiyo programu yako?

Arcade aliukuza mstari kwa vidole viwili.

— Ndiyo. Huo mpindo ni wangu.

— Kliniki waliniambia kitone kikishuka chini ya mstari nimrudishe. Naona kiko juu kidogo. Sasa kwa simu hii, mwanangu yuko juu kweli, au yuko chini?

Profesa aliweka kikombe chini, akainuka.

— Sijui, dada, Arcade akasema. Nenda wakampime leo.

Profesa alishawasha pikipiki ampeleke, na habari ya nauli hakuitaja.

Toleo jipya halikutoka jioni ile. Simu ya Gunia iko kwa Arcade tangu jana, na asubuhi hii Gunia amekaa benchini mikono mitupu, wa kwanza kuruhusiwa kukaa bila simu.