Skuta ya Lenzi na Aliyekaa Nyuma

Kijiwe hiki hakina bango, lakini mtaa mzima unakijua: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, nyuma yake ukuta wa duka la vifaa vya umeme, mbele yake jiko la mkaa na birika la Shangazi. Kahawa ni ya Shangazi, maneno ni ya wote. Sheria yake ni moja tu. Mwanakijiwe akitaka kununua kitu chochote chenye injini, sharti akalishwe katikati ya ubao, aulizwe mpaka maswali yaishe, na kabla hukumu haijatoka hakuna anayeongezewa kikombe. Sheria hiyo ilitungwa siku Gundi, fundi viatu, aliponunua jenereta kimyakimya na kuja kugundua kwamba ndani hamna koili. Jumatatu hiyo, saa kumi alasiri, aliyekalishwa katikati alikuwa Lenzi.

Lenzi hukata vioo vya miwani kwenye duka lililo upande wa pili wa mji. Mbele yake ilisimama skuta ya kijivu, cc mia moja na ishirini na tano, safi kama sahani ya wageni. Mwenyewe, mwalimu mmoja wa kike, alimwachia tangu Ijumaa aijaribu, na saa kumi na moja angekuja kuchukua jibu. Kwa safari ya kazini peke yake Lenzi asingehangaika. Sababu ilikuwa mama yake, aliyekuwa akiishi kilomita themanini na mbili kutoka hapo, na mama alikuwa akisahau. Alianza na sufuria jikoni, akafuatia majirani, na sasa ulikuwa mwaka mzima hajamwita Lenzi kwa jina. Basi la Jumamosi humfikisha saa nane, na la mwisho kurudi huondoka saa tisa. Saa moja kwa wiki kukaa na mtu anayekupotea, Lenzi aliona ni dhuluma.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Mita, mzee aliyesoma mita za maji miaka thelathini kabla ya kustaafu, na mpaka leo hatembei bila kalamu. Alitaka habari za mjini. Lenzi akaeleza, na uso wake ukachangamka. Haina gia wala klachi, unavuta tu inakwenda. Foleni inapita kama maji. Chini ya kiti linaingia begi lake la kazi na koti la mvua. Ubaya wake ni magurudumu madogo. Kila shimo la barabarani linasimuliwa kwa uti wa mgongo.

— Mlima je? aliuliza Gundi.

— Mlima inajikongoja.

— Si hoja. Mpanda ngazi hushuka.

Mita akamwambia methali hiyo haihusiani na pikipiki. Gundi akajibu kwamba kama inahusu ngazi, inahusu kila kinachopanda. Gundi alipewa jina hilo kwa kazi yake, lakini hata kwa maneno yake lingemfaa.

— Mafuta, alisema Mita.

— Ijumaa, mjini, lita moja ilinipeleka kilomita arobaini na tano.

— Na Jumamosi, kwa mama?

— Thelathini na moja.

Kalamu ya Mita ikasimama. Barabara kuu haina foleni, alisema, hapo lita ilipaswa kwenda mbali zaidi. Labda alikuwa anaivuta mpaka mwisho? Lenzi akasema hakuvuka sitini, na kwenye mteremko sabini. Mita akainuka, akafungua kiti, akatoa kijitabu cha kiwandani kilichokuwa chini yake. Alikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akakifunga na kukirudisha polepole, kama aliyekuta humo jina la mtu anayemjua.

— Kimeandika hivyohivyo, alisema. Dereva peke yake, arobaini na tano. Thelathini na moja ni dereva na abiria.

— Nilikuwa peke yangu, alisema Lenzi.

 Aliyekuwa mwisho wa ubao ni Breki, dereva wa malori mstaafu, mtu asiyeamini kipimo chochote isipokuwa makalio yake. Alimuuliza chombo kilikuwa kizito wapi. Lenzi alikuwa amekaa na jambo hilo siku mbili, na sasa likatoka. Alipoondoka asubuhi alikunja vile vikanyagio vya abiria, maana vinagonga miguu ukiisukuma. Alipofika kwenye mlima wa kokoto mwendo ulishuka mpaka thelathini na tano, akatazama chini, akaona vikanyagio vimefunguka. Vyote viwili. Akasimama, akavikunja. Mbele kidogo mbuzi akakatiza barabara, akafunga breki.

— Na hapo kitu kikaniegemea mgongoni. Kama abiria anavyokuegemea ukifunga breki ghafla. Kikakaa, kisha kikarudi nyuma.

— Upepo, alisema Mita, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba.

Baada ya hapo kijiwe kikawaka. Gundi alisema wazi kwamba kuna mtu alifia juu ya skuta ile, na mwalimu anaiuza kwa sababu hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu. Breki akamkatalia. Chombo hakina kosa, alisema, kosa ni barabara. Katika ile barabara kuna wanaosubiri usafiri tangu zamani, nao hawachagui gari. Yeye mwenyewe aliwahi kusikia mlango wa abiria ukifunguliwa na kufungwa lori likiwa mwendo wa themanini, na toka siku ile alikuwa akiacha kiti cha pembeni kitupu, mizigo anaiweka nyuma. Mita, aliyekuwa ametafuta upepo akaukosa, akaja na lake: injini iliyozoeshwa kubeba wawili haijui tena kubeba mmoja, kwa hiyo ikipewa mmoja inatafuta wa pili popote alipo. Gundi akapanda juu zaidi. Alisema skuta hizi nyingine huunganishwa, nusu ya hii na nusu ya ile, na nusu ya nyuma ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe bado amekalia mali yake.

Lenzi aliwasikiliza akiwa ameinamia kikombe kitupu. Aliwapenda watu hawa, lakini alitamani wanyamaze.

 Shangazi alisogeza kaa moja kwa koleo, akauliza bila kumtazama:

— Ulipofika, mama alisemaje?

— Alisema, mbona mwenzako haingii ndani.

Mita akakimbilia macho. Mama huyo macho yamechoka, alisema, ameona kivuli. Lenzi akatikisa kichwa. Macho ya mama aliyapima yeye mwenyewe, na miwani akaikata yeye mwenyewe. Mama anasoma namba ya basi kutoka barazani.

— Sasa wewe uligeuka kutazama? aliuliza Breki.

— Niligeuka. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Ila kilikuwa kimebonyea.

Wote waliitazama skuta. Kiti kilikuwa sawa, sifongo imetuna, jua la alasiri limelala juu yake. Hata hivyo Gundi, aliyekuwa karibu nayo kuliko wengine, alisogea akamsukuma Mita.

— Umeacha kitu, alisema Shangazi. Toka umekaa hapo umeacha kitu.

Lenzi akaweka kikombe chini.

— Alinishika mkono, Shangazi. Akaniambia, "Asante, kijana, kwa kuniletea mwanangu." Halafu akaita jina langu. Lile la utotoni, alilonipa yeye.

— Basi si alikuita wewe? aliuliza Gundi.

— Mimi nilikuwa mbele yake, mkono wangu uko mkononi mwake. Aliita kule kwenye kiti. Na alikuwa anacheka.

Hapo akawasimulia yote, kwa sauti ndogo. Mama alitoka na kigoda, akakaa ubavuni mwa skuta saa mbili nzima. Alimtuma Lenzi maji, na Lenzi akaleta, naye akamwambia ahsante kama unavyomwambia mtoto wa jirani mwenye adabu. Kisha akaendelea kuzungumza na kile kiti. Alikikumbusha siku alipotumbukia mtaroni na sare mpya, homa iliyotaka kumwondoa akiwa darasa la tatu, mshahara wa kwanza alioufungia kwenye leso akampelekea mama bila kuuhesabu. Mambo ambayo Lenzi alidhani yamekwisha kabisa kichwani mwa mama yalikuwepo yote, moja baada ya jingine, hayajapungua hata nukta. Yeye alisimama juani akisikiliza maisha yake yakisimuliwa kwa mwingine. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Na aliona wivu, wivu mbaya, wa kutaka kumshika yule aliyekaa pale na kumvuta chini.

— Wakati wa kuondoka alitaka nimwachie mwanawe kidogo, alisema. Nikamwambia Jumamosi nitamleta tena.

— Ulimwambia hivyo? aliuliza Breki.

— Ningemwambia nini?

Hukumu ilitoka bila kupigiwa kura. Breki alisema mrudishie mwenyewe leo hii, basi la Jumamosi halijakatazwa. Mita alikubali, akaongeza kwamba kwa safari ndefu injini hiyo ni ndogo hata hivyo, akisema hivyo ili apate kitu cha kupima. Gundi alisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza mchana ule hakuna aliyemwambia kwamba amekosea. Shangazi hakutoa hukumu. Alifunua birika, akalifunika tena.

Mwalimu alifika saa kumi na moja kasoro, kwa miguu, na mfuko mkubwa begani. Aliwaamkia wazee, akaamkia na Shangazi. Kabla hajapumua Gundi akamuuliza nani alikufa juu ya skuta ile.

Mwalimu akashangaa. Aliitoa dukani mpya, alisema, ikiwa bado kwenye boksi, na akaenda nayo shuleni na kurudi miaka miwili. Hajawahi kuanguka nayo. Hajawahi kumbeba mtu, maana yeye mwenyewe ni mwoga. Anaiuza kwa sababu amehamishiwa shule iliyo mlango wa pili na kwake. Alisema haya huku akitabasamu, bila haraka, na kila neno lake liliondoa nadharia moja pale kwenye ubao, mpaka hazikubaki. Ikawa haikuwa ajali, haikuwa nusu ya nyuma, haikuwa injini iliyozoea wawili. Breki alifungua mdomo amtajie barabara, lakini aliikumbuka ile ahsante ya mama na lile jina, akaufunga.

— Kaka, unaichukua? mwalimu alimuuliza Lenzi.

Lenzi alimtazama Breki, akamtazama Mita. Aliwaza Jumamosi, kigoda kikiwa tayari nje tangu asubuhi, na mama akitazama barabara.

— Naichukua.

Mwalimu akashukuru. Akafungua mfuko wake, akatoa helmeti yake iliyokwaruzika, kisha akatoa nyingine, ikiwa bado ndani ya nailoni.

— Nilipewa mbili dukani, alisema. Hii haijavaliwa hata siku moja. Sasa nikuachie moja, au utahitaji zote?

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Breki akatazama barabara. Mita akaitazama kalamu yake. Gundi, mtu mwenye jibu la kila jambo chini ya jua, akainama kufunga upya kamba za viatu vyake. Mwalimu akabaki na helmeti mbili mikononi, akimtazama mmoja baada ya mwingine, asielewe amewakosea nini.

Lenzi akainuka. Akaipokea ile ya pili, akaichana nailoni taratibu, akaivaa kichwani mwake aone kama itamtosha mwenzake.

Ilimkaa sawasawa.